Mama Darajani na Safari za Mkono kwa Mkono

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi wetu wa huduma za mpakani atastaafu baada ya kutumikia kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi liko kwenye barua ya utumishi, lakini wagonjwa, polisi wa kizuizi cha mpakani, madereva wa malori na wauza matunda wa kando ya barabara wote wanamwita Mama Darajani, na ukimwita vinginevyo hageuki. Kamati ya jarida la wafanyakazi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Walisema meza yangu ya mapokezi ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wake, na kwamba wengine wote wameshikwa na shughuli za kufunga mradi. Wamenisihi niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila wasomaji wanivumilie, maana mwaka huu sote tumechoka.

Msomaji ajue mapema kwamba siku hiyohiyo ya Ijumaa mradi wenyewe nao unafungwa. Wafadhili wameamua kwamba katika awamu ijayo kila nchi itasaidiwa peke yake, ndani ya mpaka wake, na ile sehemu iliyounganisha kliniki yetu na ya ng'ambo ya mto haitakuwepo. Hawakusema kwa ubaya. Walikuja, wakatushukuru, wakapiga picha na mtu waliyedhani ni mgonjwa, kumbe aliingia kuomba choo, wakaondoka. Kwa hiyo nafasi ya Mama Darajani haitajazwa. Chumba chake kitakuwa stoo. Nimeona heri niliseme hili mwanzoni kuliko kulificha nyuma ya pongezi, kwa sababu hilo ndilo linalomnyima usingizi yeye mwenyewe, wala si kustaafu.

Alipofika hapa alikuja kwa muda tu. Muuguzi wa mpakani alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, na Mama Darajani, wakati huo msichana mwembamba kwa maelezo yake mwenyewe (picha hatujaziona), aliletwa kushikilia nafasi. Alikuja na begi moja, birika na jozi ya raba za kitambaa. Muuguzi yule hakurudi. Mtoto aliyezaliwa kwenye likizo ile sasa ana ndevu na watoto wake, na Mama Darajani bado anashikilia nafasi.

Kwa wale wanaosoma wakiwa makao makuu, kliniki yetu imeupa mto mgongo. Mbele inapita barabara moja, na malori yanapanga foleni kuanzia kizuizini hadi kwenye uzio wetu. Daraja unaliona ukisimama dirishani mwa maabara. Watu wa hapa wanalala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Mtu anauza nyanya kule, watoto wake wanasoma huku, mjomba wao amezikwa kule. Kifua kikuu nacho kinaishi hivyohivyo. Dawa zake zinamezwa kwa miezi mingi bila kukatisha, na ugonjwa ukiwa sugu zinamezwa kwa muda mrefu zaidi. Mwenye kuzikatisha njiani anaweza kurudi akiwa mgonjwa kuliko mwanzo, na safari hiyo dawa zilezile zikagoma. Sasa mchukue mtu ambaye riziki yake inamvusha mpaka kila msimu, mpe ugonjwa wa namna hiyo, halafu mwambie kwamba nchi hizi mbili kila moja ina kliniki zake na taratibu zake. Utaona kwa nini tulihitaji mtu wa kusimama katikati.

Zamani mgonjwa akihama alielekezwa kwa mdomo: nenda ng'ambo, ukifika uulizie kliniki. Wengi hawakuulizia. Katika mwaka wake wa kwanza Mama Darajani alichoka kujiuliza kama wanafika, akavaa raba zake akamfuata mgonjwa aliyekuwa ametoka kumuaga, fundi viatu mmoja mpole, wa kuitikia kila anachoambiwa. Alimkuta katikati ya daraja ameegemea vyuma, anatazama maji, hajaamua aende mbele au arudi nyuma. Na palepale akamwona mwanamke mwenye sare ya uuguzi ya rangi nyingine akija mbiombio kutoka upande wa pili, anamtafuta mgonjwa wake mwenyewe. Wakaangaliana. Mama Darajani akaushika mkono wa fundi viatu akauweka kwenye mkono wa yule muuguzi. Ndivyo ilivyoanza.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Alhamisi asubuhi, mgonjwa anayehama alisindikizwa kwa miguu hadi pale ambapo rangi ya vyuma vya daraja inabadilika. Upande wetu vimepakwa rangi ya fedha, upande wao kijani, na katikati kuna kipande kilichobaki na kutu, kwa kuwa hakuna nchi iliyokubali kwamba ni chake. Hapo ndipo makabidhiano yalipofanyika, mkono kwa mkono. Mama Darajani hakuwa akisema habari za ugonjwa peke yake. Hizo daktari wa ng'ambo angezijua kwa vipimo. Alikuwa akimtambulisha mtu. Nakumbuka siku alipomkabidhi mama mmoja muuza mkaa, huku mwenyewe akisikiliza na kuinamisha uso kwa haya.

"Huyu dawa anameza," alimwambia mwenzake, "ila ukimpa akiwa na tumbo tupu atazitema nyuma ya mlango. Usimgombeze. Ana binti yake anayemsikiliza. Mtafute huyo binti."

Muuguzi wa ng'ambo na Mama Darajani wanaitana wifi. Hakuna ndoa yoyote iliyowahi kuunganisha familia zao. Afisa wa forodha alipouliza huo uwifi umetoka wapi, yule wa ng'ambo alimjibu bila kucheka kwamba kaka yake Mama Darajani alikuwa njiani kuja kumwoa, sema amekwama hapo forodhani. Afisa akaingia ndani kumtafuta. Tangu siku hiyo kaka yuko forodhani. Wifi wa ng'ambo ameolewa na mtu mwingine, amezaa, amepata wajukuu, na bado karibu kila Alhamisi aliulizia mizigo ya kaka imefikia wapi.

Afisa huyohuyo ndiye aliyemsumbua Mama Darajani siku za mwanzo. Alitaka kujua anavusha nini. Mama akasema anavusha mtu. Afisa akamwambia watu ni dirisha la pili. Mama akaenda dirisha la pili, nao wakauliza anasafiri kwenda wapi, akasema haendi popote, anaishia katikati. Hapakuwa na muhuri wa mtu anayeishia katikati. Mwisho walichoka wao, wakawa wanamfungulia tu kizuizi wakimwona kwa mbali, na kama mvua inanyesha afisa alimwazima mwavuli wa ofisi.

Nisije nikasahau mambo ya mradi, maana hili ni jarida la mradi. Tumepita katika awamu tano na majina matano. Kila awamu jina lilirefuka na gari likafupika. Kila jina lilikuja na bango lake la chuma la kusimikwa getini, na bango la zamani halikutupwa. La kwanza ni paa la kibanda cha mlinzi. La pili limefunika tangi la maji. La tatu ni mlango wa banda la kuku la mpishi, na ukiinama vizuri utasoma maneno "ushirikiano wa kikanda kwa maendeleo endelevu" kuku wakiingia na kutoka. Fulana za awamu zilizopita tunazipigia deki. Mama Darajani alikuwa akisema kwamba ukitaka kujua historia ya misaada ya kigeni katika ukanda huu, muulize mfagiaji.

Semina zilimshinda. Si kwamba alizidharau. Ni kwamba viti vya hoteli ni laini, naye ni mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa maisha yake yote. Akikaa tu, macho yanafunga, kalamu ikiwa imesimama mkononi kana kwamba anaandika. Akiguswa huamka na kusema kwa sauti ya mtu aliyefikiri sana, naunga mkono hoja. Kwa namna hiyo aliwahi kuunga mkono kufutwa kwa chai ya saa nne, na kuna waliomnunia mpaka leo. Mara nyingine aliunga mkono hoja ya yeye mwenyewe kuhamishiwa mjini. Ilibidi meneja aandike barua ya kuomba radhi.

Hata hivyo mafanikio yapo, na ni haki yake yatajwe. Wauguzi wa mipaka mingine walikuja kujifunza kwake, baadhi kutoka mbali sana, wakitembea nyuma yake darajani kama vifaranga. Amewafundisha wahudumu wa afya wa vijiji vya pande zote mbili. Aliitwa nje ya nchi kuhutubia mkutano mkubwa, akasimama mbele ya watu waliovaa vipokea sauti masikioni, akaeleza kazi yake kwa maneno machache, akaulizwa changamoto kubwa ni ipi, akajibu kwamba ni soli za viatu. Wakapiga makofi wakidhani ni mfano. Alikuwa amemaanisha soli.

Awamu ya tatu ilikuja na vishikwambi. Mgonjwa akihama, unabonyeza jina lake huku, linatokea kule. Tukaambiwa hapana haja tena ya mtu kutembea, na Alhamisi za darajani zikasimamishwa ili muuguzi apate muda wa kuandika taarifa. Sote tulifurahi. Hata magoti ya Mama Darajani yalifurahi. Kosa lililokuwemo lilikuwa dogo, na nadhani ni watu wa miradi tu wanaoweza kulifanya. Mfumo ulihesabu kwamba ujumbe ukifika, mgonjwa naye amefika. Jina lilipotokea ng'ambo liliwaka kijani pande zote mbili. Sisi tuliona kijani tukajua wanaye. Wao waliona kijani, na mtu asipotokea walijua bado tunaye, atakuja. Kila upande ulimwamini mwenzake kwa moyo wote. Mwisho wa mwaka kliniki zote mbili zilipewa ngao ya mbao kwa utendaji bora wa kikanda.

Mdogo wangu wa kunifuata alikuwa miongoni mwa waliowaka kijani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alianza dawa hapa kwetu, akanenepa, akapata kazi kwenye karakana ng'ambo, akahamishwa kwa kubonyezwa. Kliniki ya kule hakufika. Alijiona amepona, na mtu aliyepona kazi inamwita. Sisi nyumbani alituambia kwa simu kwamba mambo ni mazuri, nasi tulimwamini, kwani sauti yake ilikuwa nzuri. Hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa hapakuwa na upande uliojua kwamba amepotea. Aliporudi, dawa zilikuwa hazimfai tena. Tulimzika msimu wa mvua, siku chache kabla ya ngao kuletwa. Siandiki haya kumlaumu mtu. Nayaandika kwa sababu bila hayo hutaelewa alichofanya Mama Darajani baadaye.

Alikuja msibani bila sare, akapita moja kwa moja uani, akaosha masufuria pamoja na shangazi zangu, ambao hawakujua ni nani na walimtuma kama wanavyomtuma mtu yeyote. Baadaye akaingia chumbani nilikokuwa, akaketi kando yangu, mikono yake bado ina majivu ya kusugulia.

"Nilimkabidhi kwa kishikwambi," aliniambia, "badala ya kumkabidhi kwa mtu."

Kisha akanyanyuka akaenda kumalizia vyombo. Hakulizungumza tena, si siku ile wala baadaye.

Alhamisi iliyofuata aliacha kishikwambi kwenye chaji, akavaa raba, akamshika mkono mgonjwa wa siku hiyo, akatoka. Meneja wa wakati ule alimkimbilia getini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watu wake wa juu wa kuwajibu. Akamkumbusha kwamba katika mpango wa kazi kutembea hakumo. Mama Darajani alimjibu kwa upole kwamba ni kweli, kwenye mpango hakumo, ila darajani nafasi ipo, akaendelea. Ng'ambo ya pili, wifi yake alikuwa ameshasimama kwenye kipande cha kutu. Hawakuwa wamepigiana simu. Pamoja walianza kuwatafuta wale wa kijani, nyumba kwa nyumba, karakana kwa karakana, kwa saa zao za mapumziko. Baadhi waliwapata mapema, wakapona, na wako mjini wanatembea. Baadhi waliwapata wamechelewa. Kazi ile ilimzeesha. Ndipo nywele zake zilipobadilika rangi, naye hakuzitia dawa.

Wafadhili walimtuma mshauri, yule mrefu tuliyempa jina la Bwana Kiashiria kwa sababu kila ukimweleza jambo anauliza kiashiria chake ni kipi. Aliuliza kutembea huku kutapimwaje. Mama Darajani alimwalika aje Alhamisi. Akaja na viatu vya ngozi vinavyong'aa, akatembea naye kwenda na kurudi juani, akaona mtu akikabidhiwa kwa mtu. Alirudi ana malengelenge, akaketi pale mapokezi amevua soksi, wala hakuuliza chochote. Awamu ya nne ilipoandikwa, matembezi yale yalikuwamo, yakiitwa "makabidhiano shirikishi ya wateja wa mpakani". Mama Darajani hajawahi kumaliza kulitamka jina hilo bila kuvuta pumzi katikati.

Na ile ngao ya utendaji bora, yetu, kwa sasa inauzuia mlango wa maabara usijibamize kwa upepo. Aliyeiweka pale hakujulikana. Tunachojua ni kwamba ana magoti mabovu, kwa sababu aliiweka kwa kuisukuma kwa mguu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui. Benchi la chuma la mapokezi linayumba kidogo upande wa kushoto. Mguu wake uliwahi kuvunjika, na mdogo wangu ndiye aliyeuchomelea siku moja alipokuja kumeza dawa, akauacha mfupi kidogo, akasema litawasaidia wagonjwa wasisinzie. Viti vya plastiki vya awamu ya nne vilipoletwa, benchi liliamriwa litolewe. Wabebaji walimkuta Mama Darajani ameketi juu yake anapima wagonjwa joto. Walingoja. Akaendelea kupima. Walirudi mchana wakamkuta palepale, anaandika taarifa juu ya mapaja. Siku ya pili hawakuja. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Benchi lipo.

Sasa niseme ya Alhamisi iliyopita, ambayo ilikuwa ya mwisho kwake, maana ile inayotangulia Ijumaa ya kufunga imetengwa kwa kukabidhi vifaa.

Mgonjwa alikuwa fundi mwashi, mtu mzima mwenye maneno mengi, aliyekuja huku kujenga nyumba ya wageni ya nyuma ya soko. Ujenzi umekwisha, anarudi kwao ng'ambo, na dawa zake bado hazijaisha. Mama Darajani aliniomba nifuatane nao nipige picha ya jarida hili. Tulitembea polepole kwa ajili ya magoti. Njia nzima fundi alilalamika kwamba dawa zimeugeuza mkojo wake kuwa rangi ya chungwa, na kwamba mkewe atadhani amekunywa rangi ya ukuta. Mama alimjibu kwamba mke wa mwashi ameshaona mabaya zaidi. Afisa wa forodha alitoka nje ya kibanda, akasimama wima tulipopita. Alishika mwavuli ingawa hapakuwa na mvua.

Wifi wa ng'ambo alikuwa anatusubiri kwenye kipande cha kutu. Yeye ana miaka miwili mbele yake kabla ya kustaafu, ila upande wao nao wamepata taarifa kama yetu. Mama Darajani akamtambulisha fundi kama kawaida, kwamba anameza vizuri, anaongea sana, na siku akinyamaza ajue anaumwa. Akauweka mkono wake kwenye mkono wa wifi. Hapo kwa kawaida huwa mambo yamekwisha, watu wanaagana. Fundi hakuondoka.

"Mvua zikiisha nitarudi huku kutafuta kazi," akasema. "Dawa zitakuwa bado. Huyu wifi yako atanileta mpaka hapa. Nani atanipokea?"

Lori lilipita, daraja likatikisika, tukangoja lipite. Wifi alimtazama Mama Darajani. Mama Darajani alitazama raba zake. Nami nilijikuta nachezea simu niliyokuja nayo kupigia picha, kwa kuwa sikujua niangalie wapi. Niliogopa angesema uongo wa kumfariji. Hakusema.

Aliichukua simu ile mkononi mwangu akaitia mfukoni mwake. Akaushika mkono wangu, mkono wake ukiwa mkavu na wenye joto, akauweka kwenye mkono wa wifi yake, juu ya ule wa fundi mwashi.

"Wifi, huyu si muuguzi, yuko mapokezi," akasema. "Lakini hasahau sura ya mtu. Ana tabia ya kutokula akiwa na mawazo. Akikuambia hajambo, mwangalie machoni kwanza. Kuna mdogo wake alipita hapa na hakupokelewa."

Wifi aliniangalia machoni muda mrefu, kama alivyoambiwa, halafu akanibana mkono. Akaniambia nimwambie kaka aliyeko forodhani kwamba sasa amechoka kumsubiri, ila Alhamisi atakuja bado. Fundi mwashi akasema basi haya, na mimi akaniita shemeji, kwa sababu ambazo yeye mwenyewe anazijua. Kisha wakaenda zao upande wa kijani.

Ndiyo maana toleo hili halina picha. Simu ilikuwa mfukoni mwa Mama, na mkono wangu ulikuwa na kazi.

Jumatatu niliongea na mfamasia, na mfamasia akaongea na mtu wa maabara, na tumepangiana zamu za Alhamisi kwa saa yetu ya mapumziko. Meneja tumemweleza. Alisugua uso, akasema yeye hajasikia chochote, kisha akauliza raba namba tisa zinapatikana wapi. Hatujaambiwa tuendelee. Wala hatujaambiwa tuache.

Mama Darajani anarudi kwake, kwa mumewe, mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipika chakula cha jioni na kukipasha moto mara ya pili. Anasema hana mipango. Hataki kufuga kuku, hataki duka, hataki kikundi cha akina mama. Anataka kulala mpaka jua limwamshe kwa aibu. Baada ya hapo ataona.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante. Asante kwa wale uliowafikisha, na kwa wale uliowatafuta baada ya sisi wengine kudhani wamefika. Asante kwa masufuria uliyoyaosha nyumbani kwetu. Tunakuombea usingizi mrefu, magoti yaliyotulia, na chakula kilichopashwa moto mara moja tu. Chumba chako kitajaa maboksi, lakini benchi litabaki mahali pake. Ukipita kutusalimia, keti hapo utungoje. Ukija siku ya Alhamisi na kukuta meza ya mapokezi haina mtu, usiulize. Unajua tulipo.